Jani la mabaka halitaki maji mengi, lataka mwanga

Juma hili niruhusu niweke kando siasa za kaunti na bei ya unga. Nataka tuzungumze juu ya kitu kilichomo ndani ya nyumba zetu nyingi, juu ya kabati la vyombo au kwenye dirisha la jikoni, ambacho wengi wetu twakiua pole pole huku tukidhani twakitunza.

Nauzungumzia ule mti wa maua wenye majani yenye umbo la moyo, ya kijani yaliyochorwa mabaka ya manjano au meupe, unaotambaa na kuning'inia. Wauza miche wa kandokando ya barabara huko Nyali na Bamburi huuita mani planti. Wapenzi wa mimea huuita pothosi, na jina lake la kisayansi ni Epipremnum aureum. Ingawa twauita maua, wanaoufuga ndani ya nyumba hawalioni ua lake. Uzuri wake wote uko kwenye jani.

Marehemu mamangu, Mola amrehemu, alikuwa na pothosi kwenye dirisha la ghorofani, nyumbani kwetu Kibokoni. Aliupanda katika kopo la maziwa ya unga alilolitoboa kwa msumari. Hakuwahi kusoma kitabu cha mimea, lakini majani yake yalikuwa yaking'aa, nusu kijani nusu manjano, mpaka wageni wakidhani ni ya plastiki. Kila binti yake alipoolewa, alikatiwa kitawi akaenda nacho kwake. Mama alipotutoka, mie ndiye niliyelichukua lile kopo, kwa kuwa dada zangu walikuwa na yao.

Nikaupa mmea ule mahali pa heshima: pembeni ya televisheni, sebuleni. Nikautoa kwenye kopo nikaununulia chungu cha kauri kinachometameta. Nikawa naumwagilia maji kila asubuhi baada ya sala ya alfajiri, maji ya kisima cha hapo uani. Baada ya miezi mitatu majani mapya yakaanza kutoka ya kijani kitupu, bila baka hata moja. Kisha ncha zikakauka. Kisha shina likalegea, likawa jeusi chini, na majani yakaanguka moja baada ya jingine.

Nilikuwa nimefanya makosa manne kwa pamoja, na yote yalitokana na mapenzi. Pahali pake palikuwa giza, maji yalikuwa mengi, maji yenyewe yalikuwa ya chumvi, na chungu hakikuwa na tundu. Nimeona niyaeleze moja moja, kwa sababu najua siko peke yangu. Na pia kwa sababu maelezo mengi tunayoyasoma kwenye simu yameandikwa na watu wa nchi za baridi kwa ajili ya nyumba zao, na baadhi yake hapa kwetu hayafai.

Baka ni nini hasa

Tuanze na jani lenyewe, maana ukilielewa jani mengine yote yatakuwa mepesi.

Rangi ya kijani ndani ya jani huitwa klorofili. Hiyo ndiyo jiko la mmea. Hushika mwanga, na kwa mwanga huo mmea huchanganya maji na hewa ya kaboni ukapika sukari, ambayo ndiyo chakula chake. Pale palipo na baka jeupe, klorofili haipo, au iko kidogo sana. Baka la manjano nalo lina kidogo. Kwa hivyo sehemu ile yala lakini haipiki. Hulishwa na sehemu za kijani zilizo jirani yake.

Fikiria nyumba yenye watu kumi ambayo wapishi ni watano tu. Watu watashiba iwapo wale watano watapata moto wa kutosha. Moto ukiwa hafifu, nyumba nzima italala njaa. Jani la mabaka ndivyo lilivyo, na kutokana na hali hiyo hupatikana mambo matatu.

La kwanza, mmea wa mabaka wataka mwanga zaidi kuliko ndugu yake wa kijani kitupu, kwa kuwa jiko lake ni dogo. La pili, hukua pole pole zaidi, kwa hivyo hunywa maji kidogo na hula mbolea kidogo. La tatu, sehemu nyeupe ni dhaifu: jua kali likiipiga, hiyo ndiyo huungua mwanzo.

Na pale mmea unapowekwa gizani, hujitetea. Majani mapya yatakayotoka yatakuwa na kijani zaidi na mabaka kidogo, ili jiko lipanuke. Wengi hudhani mbegu imeharibika au mchuuzi amewapunja. Sivyo. Mmea wajaribu kujiokoa na njaa.

Tafuta mwanga kwa kutumia kibla

Makala za Ulaya na Marekani husema: usiuweke kwenye dirisha la kusini, jua litauchoma, uweke dirisha la mashariki au kaskazini. Kwao ni kweli, kwa sababu kwao jua la adhuhuri huwa upande wa kusini mwaka mzima. Hapa Mombasa tuko kama digrii 4 kusini mwa ikweta. Jua hupita juu ya utosi wetu mara mbili kwa mwaka, mapema mwezi wa Machi na mapema mwezi wa Oktoba. Katika miezi ya kusi jua huegemea kaskazini, na katika miezi ya kaskazi huegemea kusini. Lakini pande zote mbili, saa sita mchana huwa liko juu sana, kwa hivyo haliingii mbali ndani ya chumba.

Jua linaloingia ndani hasa ni la asubuhi kutoka mashariki na la alasiri kutoka magharibi. La asubuhi ni pole. La alasiri ndilo linalochoma.

Kuzijua pande hizi huhitaji dira. Kwetu Mombasa, Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja. Anayejua kibla cha chumba chake basi ameshaijua kaskazini. Simama ukielekea kibla: dirisha lililo mkono wako wa kulia ni la mashariki, na la mkono wa kushoto ni la magharibi. Dirisha la kulia ni zuri kwa pothosi. Jua la mpaka saa tatu asubuhi halitaudhuru. Madirisha ya mbele na nyuma pia ni mazuri, na mmea waweza kukaa karibu kabisa na dirisha. Lile la kushoto lisogelee kwa tahadhari. Weka pazia jepesi, au urudishe chungu ndani hatua moja.

Tatizo letu kubwa, lakini, si jua kali. Ni giza. Nyumba za Mji wa Kale zina kuta nene za mawe ya matumbawe na vichochoro vyembamba. Na fleti mpya za Majengo na Kisauni zimebanana mpaka jirani aweza kukupa chumvi kwa dirishani. Jicho la binadamu hudanganyika kwa kuwa huzoea giza haraka, ukadhani chumba kina mwanga. Mmea haudanganyiki. Mwanga hupungua upesi sana kila unapoondoka dirishani, na pembe ya televisheni iliyo hatua nne kutoka dirishani ni kama usiku kwake.

Kuna kipimo kisichogharimu kitu. Saa sita mchana zima taa zote. Weka karatasi nyeupe pale unapotaka kuweka chungu, kisha nyanyua mkono juu yake kama urefu wa rula moja. Kivuli kikiwa cheusi chenye kingo kali, hapo ni jua la moja kwa moja na jani jeupe litaungua. Kivuli kikionekana lakini kingo zake ni laini, hapo ndipo pake. Usipoona kivuli chochote, hapo weka maua ya plastiki.

Kama nyumba yako ina dirisha moja tu lenye mwanga, fuga miche miwili. Mmoja ukae dirishani, mwingine upambe sebule, na kila baada ya wiki mbili uibadilishe zamu. Na ule wa dirishani uuzungushe robo duara kila wiki, usije ukaegemea upande mmoja.

Maji: tia kidole kabla ya kutia maji

Kosa langu la pili ndilo linaloua miche mingi zaidi. Twapenda kumwagilia. Twaona kumwagilia ndiyo kutunza.

Mizizi nayo huvuta pumzi. Katikati ya chembe za udongo mna nafasi ndogo za hewa, na humo ndimo mizizi hupata oksijeni. Ukimwaga maji kila siku, nafasi zile hujaa maji, mizizi hukosa hewa, hufa na kuoza. Mzizi uliooza hauwezi kunyonya maji. Kwa hivyo majani hulegea kana kwamba mmea una kiu, nawe ukiona hivyo waongeza maji. Hapo ndipo mtu huumaliza kabisa.

Dawa ni kidole chako. Kichovye kwenye udongo mpaka kifundo cha pili. Ukihisi ubichi, ondoka zako. Ukihisi pakavu, mwaga maji taratibu mpaka yatokee chini kwenye tundu, subiri yachuruzike, kisha yamwage yaliyobaki kwenye kisahani. Usihesabu siku. Kwangu mimi wakati wa kaskazi humwagilia kama mara moja kwa wiki, na wakati wa mvua za masika yaweza kupita wiki mbili. Kwako huenda ikawa tofauti kulingana na chungu, upepo na dirisha.

Pothosi yavumilia kiu kuliko kuloa. Ikikaukiwa, majani yatalegea kidogo, ukiipa maji yatasimama tena kabla ya siku kuisha. Ikioza mizizi, kuiokoa ni kazi. Dini yetu yatukataza israfu ya maji hata tukiwa twatawadha. Kwenye chungu cha maua hasara yake yaonekana kwa macho.

Na chungu lazima kiwe na tundu. Lile kopo la mama lililotobolewa kwa msumari lilikuwa bora kuliko kauri yangu ya bei. Kama wakipenda chungu chako kisicho na tundu, panda mmea kwenye kopo lililotobolewa, kisha kopo hilo ulitie ndani ya chungu, na kila ukimwagilia ulitoe kwanza.

Chumvi: adui wa mtu wa Pwani

Hili hutalisoma kwenye makala za Uingereza. Kisiwa cha Mombasa ni mwamba wa matumbawe uliozungukwa na bahari, na visima vyetu vingi vina chumvi. Mfereji ukikauka twaoga nayo na kufulia, na bila kufikiri twamwagilia maua.

Mmea hunywa maji lakini chumvi nyingi hubaki kwenye udongo. Kila ukimwagilia, yaongezeka. Chumvi ikizidi kwenye udongo, mzizi hushindwa kuyavuta maji hata yakiwepo. Utaona ncha na kingo za majani zikikauka na kuwa kahawia, na ukoko mweupe juu ya udongo au kwenye mdomo wa chungu. Mabaka meupe ndiyo huonyesha madhara mapema zaidi.

Tumia maji matamu. Pothosi moja haimalizi hata kikombe kimoja kikubwa kila ukiimwagilia, kwa hivyo hata mwenye kununua mtungi wa mkokoteni hatafilisika. Ya mvua ndiyo bora; weka ndoo chini ya kona ya paa wakati wa masika na vuli, kisha uifunike. Maji yanayodondoka kutoka kwenye mashine ya kupoza hewa nayo hayana chumvi, na kwa mmea wa mapambo yafaa, mradi si ya kunywa.

Kama chumvi imeshaingia, uoshe udongo. Peleka chungu uani, mwaga maji matamu pole pole mpaka yapite chini, subiri, rudia mara tatu au nne. Kisha uuache ukauke vizuri kabla ya kumwagilia tena.

Kwa sababu hiyo hiyo usipande kwa mchanga wa ufuoni. Udongo mwekundu peke yake nao hushikamana chunguni ukawa kama tofali. Mchanganyiko ninaotumia ni huu: udongo mwekundu sehemu moja, samadi kuukuu iliyooza na kupoa sehemu moja, na usumba wa nazi sehemu moja. Usumba huweka nafasi za hewa. Lakini uwe umeuosha mara kadhaa kwa maji matamu, hasa kama makumbi yake yalifukiwa pwani yaoze kwa ajili ya kusokota kamba, kwani hayo yamejaa maji ya bahari.

Mbolea nyingine usijisumbue nayo sana. Samadi kiganja kimoja kila baada ya miezi michache yatosha. Mbolea za dukani nazo ni chumvi za aina yake, na zikizidi huunguza mizizi vilevile.

Joto na hewa

Makala za nje pia zitakwambia upulizie majani maji kila siku ili hewa iwe na unyevu. Huko kwao wakati wa baridi nyumba hupashwa moto na hewa ikakauka. Hapa kwetu shati lililoanikwa jioni asubuhi bado bichi. Unyevu tunao wa kutosha, na joto tunalo. Usijitie kazi hiyo. Kitu kimoja tu: usiuweke pale mashine ya baridi inapopuliza moja kwa moja, kwani hewa ile ni kavu.

Kinachohitajika kwetu ni kufuta vumbi. Upepo wa bahari huleta chumvi, na barabara huleta vumbi, na vyote hukaa juu ya jani vikazuia mwanga. Futa kila baada ya wiki mbili kwa kitambaa kibichi, mkono mmoja ukishikilia jani kwa chini. Usipake mafuta ya nazi ili ling'ae. Mafuta huvuta vumbi zaidi. Ukifuta, tazama upande wa chini na kwenye makutano ya jani na shina. Ukiona vitu vyeupe kama pamba, hao ni wadudu wanaofyonza utomvu. Wafute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, rudia kila baada ya siku chache mpaka waishe.

Watoto, paka na mbu

Haya mawili yanahusu afya, kwa hivyo tafadhali usiyaruke.

Pothosi ni jamaa ya majimbi. Wajua jimbi lisiloiva linavyowasha koo. Sababu ni chembe ndogo zenye ncha kama sindano, za oksaleti ya kalisi, na ndani ya pothosi zimo vilevile. Mtoto akitafuna jani atahisi kuungua mdomoni, atatokwa na mate mengi, na midomo au ulimi vyaweza kuvimba. Kwa kawaida si sumu ya kuua, lakini ni maumivu. Mtoe jani mdomoni, mfute na umsukutue kwa maji, mpe maji baridi au maziwa kidogo. Akivimba koo, akishindwa kumeza au kupumua, mkimbize hospitali bila kungoja. Paka na mbuzi nao hudhurika. Basi uweke juu, mtoto anayetambaa asiufikie, na ukiukata unawe mikono kabla ya kujipangusa macho.

La pili ni mbu. Wengi hufuga pothosi kwenye chupa ya maji bila udongo, nayo hupendeza. Lakini mbu aina ya Aedes aegypti, anayeeneza homa ya dengi na chikungunya, hapendi mtaro mchafu. Hupenda maji masafi yaliyotulia ndani na karibu ya nyumba: chupa, kisahani cha chungu, tangi lisilofunikwa. Mombasa tulikumbwa na chikungunya mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018, na waliougua bado wakumbuka jinsi viungo vilivyouma. Kwenye joto letu, yai la mbu laweza kuwa mbu kamili kwa muda wa kama wiki moja. Kwa hivyo maji ya chupa yabadilishe kila baada ya siku tatu au nne, na chupa uisugue kwa ndani, maana mayai hunata ukutani na huweza kukaa makavu kwa miezi yakingoja maji. Visahani visiachwe na maji kabisa.

Kukata ili kuishi

Sasa turudi kwenye mmea uliokwisha geuka kijani. Ukiuhamishia kwenye mwanga, mara nyingi majani mapya yatarudi na mabaka. Yale yaliyokwisha toka kijani hayabadiliki. Lakini tawi likishatoa majani matano au sita ya kijani kitupu hata kwenye mwanga mzuri, likate, rudi nyuma mpaka kwenye kifundo cha jani la mwisho lenye mabaka. Ukiliacha, litakuwa na jiko kubwa kuliko mengine, litakua haraka na kuyafunika. Na tawi likitoa majani meupe matupu, nalo likate. Hupendeza, lakini halina mpishi hata mmoja. Laishi kwa kuomba.

Jambo hili lijue pia unaponunua. Siku hizi kuna watu wanaotozwa maelfu ya shilingi kwa mche mweupe pe, wa pothosi au wa monstera. Anayeuza anajua huenda usimalize mwaka. Chagua wenye mabaka yaliyogawanyika sawa kwenye kila jani, na uangalie shina pia: likiwa na michirizi ya rangi mbili, tawi hilo litaendelea kutoa mabaka.

Kupanda upya ni rahisi. Tafuta kifundo kwenye shina, pale jani linapochipuka; mara nyingi pana kijizizi kifupi cha kahawia. Kata chini kidogo ya hapo kwa kisu safi. Kipande chenye kifundo kimoja na jani moja chatosha. Kitie kwenye glasi ya maji matamu, kifundo ndani, jani nje, mahali penye mwanga. Kwa wiki mbili au tatu mizizi hutoka. Ikifika urefu wa kidole, hamishia kwenye udongo. Jani bila kifundo, hata ulitunze mwaka mzima, halitoi mmea. Na vipande usivyovihitaji usivitupe porini; mahali kama Hawaii na Sri Lanka pothosi ilitoroka nyumbani ikawa gugu la msituni linalopanda miti na kuifunika.

Hivi ndivyo ulivyookoka ule wa mamangu. Shina langu lilipooza nilimpigia dada yangu mkubwa, anayekaa Likoni, nikamwambia kwa aibu kwamba nimeliua ua la mama. Akacheka, akasema, "Njoo ukate." Nikavuka feri siku ya Jumapili, nikakata vitawi vitatu kutoka kwenye kile alichopewa siku ya harusi yake.

Baadaye nikasoma jambo lililonituliza moyo. Asili ya pothosi ni kisiwa cha Moorea, katika bahari ya Pasifiki, na wanasayansi waliuandika kwa mara ya kwanza mwaka 1880. Maua yake ni nadra mno. Utafiti uliotolewa 2016 ulionyesha kwamba mmea hukosa homoni inayochochea maua. Pasipo maua hapana mbegu. Kwa hivyo pothosi za majumbani huenea kwa njia moja: mtu akamkatia mtu. Kitawi cha dada yangu si mtoto wa mmea wa mama. Ni mmea ule ule, uliobadilisha nyumba.

Sasa uko dirishani, mkono wa kulia wa kibla, ndani ya kopo la maziwa nililolitoboa mwenyewe. Majani manane mapya yametoka, yote na manjano yake. Binti yangu ameshaniuliza kama naye atakatiwa siku yake ikifika. Nimemwambia inshallah, na nimemfundisha kutia kidole kwanza.

Wabillahi tawfiq.